Ukishamwambia Mara Moja

Maun, 9 Februari 1991

Shangazi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, mbu tu ndio wananimaliza. Mvua imenyesha wiki nzima na njia ya kwenda hospitali imekuwa tope tupu. Tunakwenda kazini viatu mkononi kama tunakwenda shambani. Huko Kanye imefika? Umelima lini? Fulana uliyonifumia imefika salama na inanitosha, ila wenzangu wanasema rangi hiyo huvaliwa na bibi harusi wa Kalahari. Nimewaambia shangazi yangu anajua anachofanya.

Odirile anakusalimu. Warsha yake ya useremala imepata kazi ya madawati ya shule mbili. Wazee wake wa Shoshong wamesema watakuja kwako Julai, mavuno yakishaingia ndani, kuleta posa. Nimelala na habari hiyo siku tatu bila kukuandikia, nikiogopa kwamba nikiiandika itapotea.

Sasa shangazi, nina jambo. Unamjua Segametsi, tuliyesoma naye uuguzi na sasa ninaishi naye nyumba moja. Unajua alivyoniuguza malaria, akanifulia mpaka nguo za ndani. Kwa hiyo usidhani nimesahau.

Kigugumizi changu unakijua. Wagonjwa wamekizoea, na mama aliye kwenye uchungu hana wakati wa kuhesabu nimerudia herufi mara ngapi. Ila Segametsi amekifanya mchezo wake. Nikianza neno analimalizia yeye, na mara nyingi analimalizia vibaya kwa makusudi. Wiki iliyopita nilikuwa na mwanamke wa Shorobe, mtoto wa kwanza, amechoka. Segametsi akasimama mlangoni akaanza, "Mama, su-su-su-sukuma. Subiri, nesi hajafika kwenye k." Wodi nzima ikacheka. Hata yule mama alicheka, masikini, na uchungu wake. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda stoo ya mashuka nikasimama humo.

Nikimnunia anasema, "Ah, Tshenolo, utani tu. Umekuwa mayai?" Miaka minane shangazi. Mtu anajuaje kwamba sasa basi? Mimi sijui. Ninakuuliza wewe kwa sababu kwenye karatasi maneno yangu hayakwami, na wewe hujawahi kunimalizia neno.

Mwanao,
Tshenolo


Kanye, 3 Machi 1991

Mwanangu Tshenolo,

Barua yako ilikaa posta siku kumi kabla ya mtu kuniambia ipo. Tumepata mvua, si nyingi. Nimepanda mtama na maboga, na yale matikiti ya kupikia yanatambaa mpaka kwenye njia ya watu. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mma-Kabelo jirani anakusalimu na anauliza kama wanaume wa Maun wanaoga, na mto wote ule. Baba yako mdogo Moatlhodi hajambo. Paa la nyumba yake liling'olewa na upepo mwezi wa kumi na moja, basi yuko hapa kwangu kwa muda.

Nilipofika kwenye habari ya Julai niliiweka barua chini, nikatoka nje nikatembea mpaka boma la ng'ombe na kurudi. Marehemu kaka yangu, baba yako, angekuwepo angevaa koti lake leo hii na kukaa tayari. Namshukuru Mungu, na namshukuru Odirile, maana alikuona.

Nakuandikia nikiwa kwa Mma-Kabelo kwa sababu kwake kuna mwanga mzuri. Hata cherehani yangu iko hapa kwa sasa.

Kuhusu Segametsi. Nitakuambia ninavyofanya mimi, wewe utapima. Mtu anayekuumiza, mwambie mara moja. Mwambie mkiwa wawili, mchana, ukiwa umekula na huna hasira. Usilie na usimweleze historia yako. Sema: kitu hiki unachonifanyia kinaniuma, nakuomba uache. Basi. Ukishasema, kaa kimya umtazame. Wako wanaoumiza watu kwa kutojua. Hao ukiwaambia wanashtuka, wanaacha, na urafiki unaendelea vizuri kuliko kwanza. Na wako waliokuwa wanajua siku zote. Huyo ukimwonyesha mahali panapouma, kesho ndipo atakapobonyeza. Siku hiyo huna haja ya kuniuliza.

Na wema wake wa malaria usiufute. Ulikuwa wema kweli. Mshukuru kwa huo, ila usimlipe kwa kumpa ruhusa ya kukukanyaga.

Ulipokuwa na miaka sita ulitaka kuniambia kwamba kuku ameingia jikoni. Ulianza kuku akiwa mlangoni, ulipomaliza alikuwa amekula nusu ya unga. Nilicheka siku hiyo, lakini nilikuwa nimekusubiri umalize. Sijawahi kuujutia unga huo.

Shangazi yako,
Galefele


Maun, 30 Machi 1991

Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Ng'ombe mwekundu mwite ndama wake jina la heshima, asiitwe Posta. Huku joto limepungua. Nimezalisha mapacha wawili wa kike asubuhi ya jana, wote wazima, na mama yao ameniahidi kwamba mmoja ataitwa Tshenolo. Nadhani alisema kwa furaha tu, lakini nimekubali.

Nilimwambia Segametsi. Nilichagua Jumamosi mchana, tumekula wali na maharage. Ilinichukua muda mrefu kufika mwisho wa sentensi na hakunikatiza. Machozi yakamtoka. Akasema, "Nisamehe, sikujua." Shangazi, nilifurahi mno. Wiki moja nzima tuliishi kama zamani, tukisukana nywele barazani.

Jumapili iliyofuata wanawake wa upande wa Odirile walikuja kuniona: mama yake na shangazi yake mkubwa, mama mmoja mrefu wa Shoshong anayekaa wima kama yuko kanisani. Nilikuwa nimevaa gauni langu la leteisi ya bluu ulilonishonea wewe. Segametsi akaleta chai. Yule shangazi akaniuliza nilizaliwa mwezi gani. Nikaanza kumjibu, "S-s-s..." Segametsi akaweka trei chini akasema, "Msicheke jamani, amenikataza. Alinikalisha chini kabisa, na machozi. Tusubiri tu, neno limeshapanda basi Francistown, jioni litafika."

Sikuwa nimelia, shangazi. Aliyelia ni yeye.

Mama mkwe alicheka kidogo, nadhani kwa aibu. Yule shangazi wa Shoshong hakucheka. Alimwambia, "Binti, sisi hatuna haraka. Tumekuja kwa miguu yetu." Akanigeukia na kusubiri mpaka nikasema Septemba.

Wageni walipoondoka nilianza kufunga vitu vyangu. Segametsi akasimama mlangoni. "Unahama? Miaka minane, kwa neno moja la utani?"

Nikamwambia, "Ulisema hukujua. Sasa ulikuwa unajua." Kwa mdomo wangu huu sentensi hiyo ilichukua karibu dakika nzima, na nilimfanya aisubiri yote. Kisha nikamshukuru kwa malaria, kwa sauti, kama ulivyosema. Akasema nina roho mbaya.

Matroni amenipa chumba nyuma ya maabara. Usidhani nimeshinda kitu. Bado napika wali wa watu wawili. Juzi niliona kitu cha kuchekesha sokoni nikageuka kumwambia, hakuna mtu. Ila wiki hii sijaingia stoo ya mashuka isipokuwa kuchukua mashuka. Asante, shangazi. Nimekuandikia neno hilo mara nyingi, lakini leo lina uzito mwingine.

Sasa na mimi nina swali. Chumba chako kina dirisha linalotazama mlima, jua linaingia humo tangu asubuhi mpaka saa kumi. Ni mimi niliyekaa kwenye dirisha hilo nikisoma miaka kumi na miwili. Mwanga gani unaoufuata kwa Mma-Kabelo? Na cherehani imekwenda kufanya nini huko?

Mwanao,
Tshenolo


Kanye, 28 Aprili 1991

Mwanangu,

Sisi wazima. Maboga ni mengi, mtama umeliwa na ndege. Umefanya vizuri kuhama. Wali uliobaki mpelekee mlinzi wa usiku.

Cherehani ina kelele na Moatlhodi ni mtu aliyechoka. Hilo tu. Yeye ndiye atakayekaa na wazee wa Shoshong Julai, kwa kuwa baba yako hayupo na hakuna mwingine wa damu hiyo. Basi mambo mengine tuyaache yapite mpaka Julai. Usimwandikie baba yako mdogo jambo lolote. Nakuomba.

Nashona gauni lako. Nitumie kipimo cha kiuno, na usidanganye.

Galefele


Maun, 16 Mei 1991

Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima yote. Kiuno changu nimekiandika nyuma ya karatasi, sikudanganya.

Ndani ya bahasha yako mlikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa mara nne. Usimkasirikie aliyeiweka. Wewe hufungi bahasha vizuri na yeye ndiye unayempa apeleke posta. Mma-Kabelo ameandika hivi, nainakili yote:

"Tshenolo, shangazi yako huyu analala jiko la nje tangu Desemba. Moatlhodi amechukua chumba chenye dirisha. Cherehani aliitoa nje yeye mwenyewe, ikanyeshewa, ndipo nikaileta kwangu. Anamwita Mma-Hakuna mbele za watu. Anamwambia mtoto wa jirani, nenda kamwite Mma-Hakuna alete maji. Nikimuuliza kwa nini anavumilia ananiambia, Julai, Julai. Mimi nimechoka na Julai yenu."

Niliisoma mara tatu nikiwa wodini na ikabidi mwenzangu anishikie zamu.

Mma-Hakuna. Mama wa Hakuna. Wanawake wote wa wadi yetu huko Kanye wanaitwa kwa majina ya watoto wao, na yeye amekutafutia hilo. Yeye ambaye ulimbeba mgongoni, mama yenu alipokuwa mgonjwa. Ulinisimulia mwenyewe.

Shangazi, umekuwa ukinilipia harusi kwa kunyamaza, na mimi huku nakuandikia habari za Segametsi na chai. Nimeona haya. Ninakushukuru, na ninakuambia siitaki harusi ya bei hiyo. Siwezi kwenda kuishi kwa amani katika ndoa iliyopokelewa na mtu aliyekulaza jikoni. Nimemwambia Odirile. Akasema watu wa Shoshong wanaweza kungoja baridi ya mwaka mwingine, na kama haitawezekana, ya mwaka mwingine tena.

Sijamwandikia mtu yeyote. Ua ni lako na ndugu ni wako, mimi sitakumalizia neno. Ila wewe ndiye uliyenifundisha jinsi ya kufanya, na mimi nilifanya, nami niko hai.

Nakungoja.

Tshenolo


Kanye, 23 Juni 1991

Mwanangu Tshenolo,

Najua umehesabu siku. Mimi ni mzima, na nakuandikia nimekaa dirishani kwangu. Ngoja nikueleze kwa mpango.

Barua yako ilipofika nilimkasirikia Mma-Kabelo, nikakaa siku mbili bila kumwamkia. Siku ya tatu nikampelekea boga. Akalipokea akasema, "Limechelewa," tukaendelea.

Ni rahisi kukushauri wewe. Rafiki ni mtu uliyemchagua. Ndugu nililetewa nyumbani, na nilimpenda kabla hajajua kutembea. Na kuna jambo ambalo sikuliandika katika barua zote zile: niliogopa. Mume wangu amekufa, sikuzaa, kaka yangu mkubwa, yaani baba yako, amekufa. Moatlhodi ndiye mwanaume aliyebaki wa kusimama kgotla, kwenye baraza la wazee, na kusema, huyu ni wetu. Nilijiambia, akinitukana anitukane, bora awepo.

Nilimwambia asubuhi moja, akinywa uji wa mtama penye jua. Nikasema, "Moatlhodi, jina unaloniita linaniuma. Nakuomba uache. Na nataka chumba changu." Akamaliza bakuli. Akasema, "Sawa, dada." Alisema dada, Tshenolo. Kwa siku tisa hakuniita jina lile, na chumba alisema atahama mwisho wa mwezi. Nikaanza kufikiri jinsi nitakavyokuandikia kwamba tulimdhania vibaya.

Siku ya kumi ilikuwa zamu yangu kupokea chama cha kuzikana. Wanawake kumi na wawili wamekaa uani na mablanketi yao, chai iko motoni. Akatoka chumbani kwangu, akaegemea mlango. Akasema, "Akina mama, karibuni, ila mwangalie midomo yenu, hapa siku hizi kuna sheria. Nimekatazwa kumwita Mma-Hakuna jina lake. Sasa nisaidieni, nimwite mama wa nani?"

Hakuna aliyecheka. Walitazama mapaja yao. Nilisikia maji yakichemka.

Nikasimama. Nikamwambia, "Moatlhodi, ndani kuna chakula, kula ushibe. Ukishamaliza funga vitu vyako. Leo hulali hapa."

Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Akasema, "Unanifukuza mimi? Na utazikwa na nani?"

Hicho ndicho kitu nilichokuwa nikikiogopa miaka yote, na alikitoa kama mtu anayejua mahali kilipowekwa.

Mma-Seipati, yule bibi wa miwani anayetunza daftari la chama, akafungua daftari lake. Hakuinuka. Akapitisha kidole, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea namba kila mwezi: "Namba saba. Mma-Tshenolo." Akafunga daftari. "Tutamzika sisi, Rra. Jina lake limo humu tangu siku ya kwanza."

Miaka kumi na nne, mwanangu. Sikuwahi kuuliza wameniandikaje. Mimi huwa nasikia namba yangu naitikia tu.

Nilikaa chini. Mma-Kabelo akanipa chai. Moatlhodi alifunga vitu vyake mbele ya wanawake kumi na wawili, na hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza. Amekwenda kwenye kambi ya ng'ombe.

Mkuu wa wadi aliniita kunihoji. Akasema, "Mma, ndugu hafukuzwi." Nikamjibu, "Rra, sikumfunga mlango. Siku atakayoweza kunisalimu kama dada yake, aje. Kabla ya hapo, asije." Akasema hilo ameliandika kichwani.

Kisha nikapanda lori mpaka Moshupa kwa mjomba wako Radipati, kaka wa marehemu mama yako. Nilimweleza yote. Akasema, "Nilikuwa najiuliza ni lini mtakumbuka kwamba mtoto huyu ana mjomba." Ameshapeleka koti lake kwa dobi. Waambie watu wa Shoshong waje Julai kama walivyosema.

Usifikiri sina uchungu. Usiku nasikia kikohozi chake katika chumba ambacho hayumo. Lakini cherehani iko mahali pake, na kelele zake ni tamu.

Asante kwa kutonimalizia neno. Asante kwa kunisubiri.

Galefele


Maun, 9 Julai 1991

Mama,

Nimeanza barua hii mara nne kwa neno "Shangazi", na mara nne nimechana karatasi. Kama Mma-Seipati anaweza kuliandika daftarini, na mimi naweza.

Nimemsomea Odirile barua yako yote kwa sauti. Ilichukua muda. Alipomaliza kusikiliza alikwenda nje akapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Segametsi tulikutana kwenye korido juzi. Akasema, "Nasikia unaolewa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sikualikwa." Nikasema hapana. Nilimuuliza mama yake anaendeleaje, akanieleza, tukaachana. Sikuwa na hasira. Nilimtakia heri kimoyomoyo na nikamaanisha, lakini chumba changu sikumwonyesha.

Wazee wataondoka Shoshong tarehe ishirini na sita. Gauni limefika. Linanibana kidogo kifuani, na kosa ni langu, nimekuwa nikila vizuri.

Mwanao, mwanao,
Tshenolo


Kanye, 30 Julai 1991

Mwanangu,

Baridi ni kali, kuna barafu kwenye beseni asubuhi. Wote wazima. Barua yako sitaijibu sehemu ya kwanza, nimeiweka ndani ya Biblia.

Walikuja Jumamosi, wanaume watano na wanawake wanne. Yule shangazi mrefu alikuwepo, tumependana. Mjomba wako Radipati aliongea kwa utaratibu, koti limenyooka, na walipouliza nani alimlea binti huyu akanielekeza mkono. Nikasema ni mimi. Ng'ombe watakuja mwezi wa tisa. Umeposwa, Tshenolo.

Tulipokuwa tunaanza kula, Mma-Kabelo akanigusa bega. Moatlhodi alikuwa amesimama nje ya lango, amevaa kofia yake ya sikukuu. Wanaume wote walimwona. Wakanitazama mimi. Nikaenda mwenyewe.

Akasema, "Nasikia mmeanza bila mimi."

"Tumeanza."

"Nani amekaa mahali pangu?"

Nikamwambia, "Radipati amekaa mahali pa mjomba. Mahali pako ni pa mdogo wangu, hapajakaliwa na mtu. Nisalimu, uingie."

Alitazama magari ya wageni, akatazama viatu vyake. Nilitamani neno hilo moja mpaka nikashika mti wa lango. Alikuwa amekonda. Kisha akaishusha kofia mpaka usoni, akageuka, akaenda zake. Nilimtazama mpaka alipopita nyumba ya mwisho. Nililia kidogo hapo langoni, sikujificha.

Nikafuta uso nikarudi. Wanawake walikuwa wamesogea wakaniachia nafasi katikati yao, na sahani yangu imefunikwa isipoe: nyama ya kuponda, mtama, maboga. Nilidhani chakula hakitapita. Kilipita, mwanangu. Nilikula chote, nikaomba niongezewe.

Mama yako